Saa Yenye Tarakimu Kubwa

Habari hii niliipata kwa mjukuu wa marehemu dada yangu, Jumapili ile aliyokuja kuniaga, mvua za mwaka jana zikiwa ndiyo kwanza zinakatika. Alikuwa nesi wa chumba cha kusafishia damu, akapata kazi nchi ya mbali, kwenda kuwaogesha wazee wa watu wengine. Tulikuwa tunakunja nguo zake kutia sandukuni. Akashika soksi moja, akaacha kuikunja, akasema, "Bibi, kuna jambo sitaki kuondoka nalo." Akanieleza. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine alisimuliwa na Fundi Saa mwenyewe. Nayaandika kama nilivyoyapokea.

Basi, Fundi Saa alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa, mgane, mrefu, mwembamba, mwenye jicho moja dogo kuliko jingine kwa kulikaza kwenye kioo cha kazi tangu ujana wake. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa maduka, kimebanwa na wauza simu kulia na kushoto. Zamani watu walipanga foleni mlangoni pake. Siku hizi, mtu akisimama hapo, ujue anauliza njia. Binti yake alikuwa ng'ambo, akipiga simu mara moja kwa wiki na kuuliza maswali yale yale. Mwanawe wa kiume alifanya kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, akahamia mji mwingine kutafuta riziki, na simu yake ikawa haipatikani. Mke alikufa. Na miaka miwili baada ya mke, figo za mzee nazo zikamwaga unga.

Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hawezi kukojoa akaridhika. Maji anayokunywa yanabaki mwilini, miguu inajaa, kifua kinajaa, na sumu ya chakula inazunguka kwenye damu. Lazima akalale kwenye kiti, atobolewe mkono kwa sindano mbili nene, damu itoke iingie kwenye mashine, isafishwe, irudishwe. Muda wa saa nne kila mara, ndivyo daktari anavyotaka.

Hospitali ile ilikuwa na mashine tatu. Mbili zilikufa. Kilichoziua ni kipuri kidogo, unaweza kukificha kiganjani. Kiliagizwa. Lakini nchi inayokitengeneza ilikuwa imenuniana na nchi nyingine kwa ajili ya ushuru, meli zikazuiwa, makaratasi yakapotea, na kila mwezi ikasemwa mwezi ujao. Wakati wa kampeni alikuja mgombea mmoja na wapiga picha wake. Mashine mbili mbovu zilikuwa zimefunikwa shuka nyeupe. Akaweka mkono juu ya moja, akatabasamu, akapigwa picha.

"Mwacheni ampapase marehemu," akasema Mama Mitumba kwa sauti, na hata askari wa mgombea akacheka.

Mama Mitumba alikuwa mgonjwa mwenzake Fundi, muuza nguo za mitumba, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwenye watoto watatu na ulimi usiolala. Kwa zamu ya Jumatatu na Alhamisi walikuwa wanne. Wa kwanza Mwalimu, bibi mstaafu aliyefundisha hesabu. Wa pili Dereva, aliyekuwa akiendesha lori. Wa tatu Mama Mitumba. Wa nne, wa mwisho, Fundi Saa. Mashine moja, watu wanne, na jenereta inawashwa saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, mafuta yasiishe. Gawa mwenyewe. Kila mtu saa tatu, na ndani ya hizo utoe robo saa ya kuosha mashine. Haitoshi, lakini ndiyo iliyokuwepo.

Nesi alikuwa mmoja kwa wodi tatu, maana wenzake walikwisha kuondoka mmoja mmoja kama atakavyoondoka yeye. Umeme ukipepesa, saa ya mashine inarudi sifuri. Simu zilitiwa kwenye ndoo mlangoni, kwa kuwa fundi wa mashine alisema zinaivuruga. Kabla ya ndoo walikuwa wakigombana kila siku: huyu yake inasema bado, yule yake inasema tayari. Ndipo Mwalimu alipotoa hukumu: "Tuwe na saa moja tu, na mshika saa mmoja." Wote wakamgeukia Fundi.

Tangu siku hiyo Fundi Saa akawa anafika hospitali alfajiri, ingawa zamu yake ni saa tisa alasiri. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkono wenye saa juu ya goti. "Mwalimu, umebakiza nusu saa." "Dereva, robo." Muda ukitimia anamwita nesi, nesi anaandika kwenye faili wakati aliotajiwa, anatoa sindano. Katikati wanapiga soga. Dereva anasimulia barabara mbovu alizopita, Mama Mitumba anawasema wanasiasa na wateja wake kwa pumzi moja. Siku hizo mbili za wiki Fundi alizungumza maneno mengi kuliko siku zote tano nyingine ukizijumlisha.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia.

Mafundi saa wa kale wana desturi. Saa ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua haitupwi wala haiuzwi upesi. Inakaa kwenye droo na kikaratasi chake, na fundi huivaa kwa zamu, wiki moja moja, ili mafuta ya ndani yasigande. Fundi Saa alikuwa na saa arobaini na moja za namna hiyo. Nyingine wenyewe walishakufa. Na desturi ina sharti lake: kabla ya kuivaa, unailaza siku mbili kando ya saa kubwa ya mezani, uone kama zinakwenda sawa.

Mwezi ule alitoa kwenye droo saa moja ya chuma, nzito, yenye tarakimu kubwa nyeusi. Akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na tarakimu zile aliziona bila kuhangaika. Alifurahi kama mtoto. Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali. Hakuilaza kando ya saa ya mezani. Aliitia ufunguo alfajiri, akairekebisha kwa redio, akaivaa, akaenda.

Ikipita wiki hubadilisha. Ile hakuibadilisha, kwa ajili ya tarakimu. Akawa anaivaa siku za hospitali tu. Asubuhi anaitia ufunguo na kuirekebisha kwa redio, mchana anawahesabia wenzake, alasiri zamu yake ikifika anaivua na kuitia mfukoni, kwa sababu yeye ni wa mwisho na hana haja ya kuhesabiwa. Nesi anamtoa jenereta inapozimwa. Usiku saa inakata pumzi mfukoni, na siku ya hospitali inayofuata inaanza upya.

Wiki tatu zikapita hivyo. Siku sita za hospitali.

Fundi akaanza kunawiri. Viatu vyake vya ngozi, ambavyo alikuwa amevisahau chini ya kitanda kwa sababu ya miguu kujaa, vikamwingia tena. Akapanda ngazi ya hospitali bila kusimama katikati.

"Fundi, umepata mchumba nini?" Mama Mitumba akamchokoza. "Uso unang'aa!"

"Mchumba wa nini na figo hizi?"

"Wapo wanaopenda mtu asiyekunywa chai. Gharama ndogo."

Wakacheka. Lakini Mama Mitumba mwenyewe, akicheka, alikuwa anashika ubavu. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimezama ndani ya uvimbe. Dereva aliacha kusimulia barabara, akawa analala tu. Na wiki ya tatu Mwalimu alizidiwa nyumbani, akalazwa wodi ya juu, mapafu yamejaa maji. Siku ya zamu akawa analetwa kwa kiti cha magurudumu.

"Ni chumvi," akasema nesi. "Mnakula chumvi."

"Chumvi gani?" akasema Mama Mitumba. "Mimi hata jasho langu siku hizi halina ladha."

Ikaja Jumatatu ya siku ya sita. Fundi alitazama mkono wake: saa tisa kasoro dakika tatu. Mama Mitumba alikuwa kitini, amefumba macho. "Nesi," akaita, "Mama Mitumba muda wake tayari, na umepita kidogo." Nesi akaja mbio, akazima pampu, akaanza kutoa sindano. Nje, chini ya dirisha, mlinzi alikuwa na redio yake. Ikapiga milio yake, na mtangazaji akasema ni saa nane kamili, na hii ni taarifa ya habari. Mazungumzo ya ushuru baina ya mataifa makubwa yamevunjika tena bila mapatano.

Fundi hakusikia ya mataifa. Alisikia saa nane.

Akatazama mkono wake. Tarakimu zilikuwa kubwa, hakuna namna ya kuzisoma vibaya. Akafikiri mlinzi kafungulia kituo cha nchi nyingine. Akafikiri mtangazaji kakosea. Fundi saa hufikiria yote hayo kabla ya kufikiria saa yake. Kisha akaona jua kwenye ukuta, lilikuwa bado juu.

Nesi alikuwa amekwisha kumfunga Mama Mitumba pamba mkononi. "Haya, Fundi, panda wewe."

Hapo ndipo mtu angesema. Neno lilikuwa jepesi tu: nesi, ngoja, bado saa nzima. Alifungua mdomo. Mama Mitumba akashuka kitini akishika ukuta, akampigapiga begani akipita, akasema, "Uko salama, mshika saa wetu. Alhamisi Mungu akipenda." Mdomo ukafunga. Fundi akapanda kitini, kukiwa bado na joto la mwenzake.

Alikaa pale mpaka saa kumi na mbili, saa tatu na robo tatu kwenye mashine, akiwa macho, akiiangalia damu yake ikizunguka kwenye mpira. Mengine yote alikuwa amekwisha kuyaelewa kabla nesi hajamfunga mpira wa pili. Saa inakimbia. Inamkata kila aliyemtangulia robo saa na ushee. Na jenereta haikimbii, inazimwa wakati wake. Kwa hiyo dakika zote walizokatwa wale watatu zilikuwa zinamsubiri yeye, wa mwisho. Viatu vile vilimwingia kwa maji yaliyobaki miguuni mwa wenzake.

Nyumbani aliilaza saa kando ya saa ya mezani, jambo alilopaswa kulifanya wiki tatu nyuma. Kwa kila saa moja, ilizidi dakika saba. Akaipima tena. Saba.

Jumanne hakufungua kibanda. Alikaa kitandani na chupa yake ndogo ya maji, ile ya kutwa nzima, akinywa kwa kifuniko. Chumba kilikuwa na saa nyingi zinazotembea, na siku zote mlio wao ulikuwa kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Siku hiyo akazisimamisha zote isipokuwa ile ya mezani. Kukawa kimya hata akajuta.

Binti yake akapiga simu, haikuwa siku yake.

"Baba, hujambo? Miguu?"

"Miguu mizuri."

"Sasa mbona sauti iko hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama ya mtu aliyefiwa."

Alitaka kumwambia. Akasikia nyuma ya binti mtu akimwita kazini, kwa lugha ile ya huko. "Nenda, mama, unaitwa," akasema. Akabaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

Jumatano ndipo shetani alipompangia hoja vizuri. Saa inatengenezeka. Alikwisha kuona tatizo lilipo, mizunguko ya utepe mwembamba wa ndani imegusana, kazi ya dakika kumi. Alhamisi avae saa nyingine. Wenzake watarudi kupata muda wao kamili, watapona, watasema ni kwa sababu wameacha chumvi. Nani ataumia? Akisema, nani ataamini kuwa hakukusudia? Wa mwisho kwenye zamu, fundi wa saa, miaka arobaini na tano kwenye kazi, asijue kuwa saa aliyoivaa inakimbia? Hata yeye mwenyewe asingemwamini mtu wa namna hiyo. Na wakimfukuza kwenye kigoda kile, atakwenda wapi siku za Jumatatu na Alhamisi? Atakuwa na siku saba za kukaa kimya badala ya tano.

Alhamisi alifika alfajiri kama kawaida. Saa ya tarakimu kubwa alikuwa nayo kwenye bahasha. Akasubiri wote wawepo: Mwalimu kitini amekwisha kuunganishwa, Dereva kwenye benchi, Mama Mitumba anaingia akihema kama aliyepanda mlima.

"Nina jambo," akasema. Akalisema. Hakulipamba. Alitaja dakika saba, akataja siku sita, akataja redio ya mlinzi. Alipofika kwenye Jumatatu akasema pia, "Nilijua, Mama Mitumba, ukiwa bado unafungwa pamba. Nikanyamaza. Nikapanda."

Mashine ikawa inazungumza peke yake.

Mwalimu alikuwa wa kwanza. Midomo yake ilikuwa inatembea. "Yapata dakika kumi na nane kila mtu kila siku," akasema taratibu. "Mara sita. Mia na nane. Karibu saa mbili kila mmoja." Akageuza uso kuelekea ukutani.

Dereva akasema, "Mzee, mimi nilikuwa nafikiri nakufa. Nimemwita mke wangu nikamwonyesha hati za nyumba."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui," akasema Dereva.

Mama Mitumba alikuwa bado amesimama. "Nipe hiyo bahasha." Akaitoa saa, akaitazama. "Kwa tarakimu kubwa hizi! Yaani hata wizi wenyewe unasomeka kutoka barabarani."

"Sikukusudia."

"Wiki tatu hukukusudia. Jumatatu je?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Jumatatu je, Baba?"

"Jumatatu niliogopa."

Nesi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Na hapa mjukuu wangu ndipo aliposhindwa kuendelea, tukaacha kukunja nguo. Maana kifuani pake, siku zote hizo, ilikuwa imening'inia saa ya manesi, nzuri, inayokwenda sawa. Hakuitazama hata mara moja. Alikuwa akiitwa kutoka wodi hii anakimbilia ile, akaandika kwenye faili alichotajiwa.

Fundi akasema, "Chukueni zamu yangu ya leo. Saa zote tatu. Gawaneni."

"Huwezi kuruka zamu," nesi akasema. "Utafika Jumatatu umejaa mpaka shingoni, kama utafika."

"Na wao walifikaje?"

Mama Mitumba akacheka, kicheko kikavu kikamletea kikohozi. Alipopata pumzi akasema, "Sikia huyu mzee. Mimi nikae kwenye saa zako, wewe ufe. Wewe uliniua kwa bahati mbaya, mimi nitakuwa nimekuua kwa kukusudia. Nani ataonekana mbaya? Hunipati kwa njia hiyo."

Mwisho nesi ndiye aliyekata shauri. Damu haiwezi kurudishwa nyuma. Leo kila mtu atapata muda wake kamili, na Mama Mitumba, kwa jinsi anavyohema, ataongezwa nusu saa itakayotoka kwa Fundi. Na ndoo ya simu iondolewe mlangoni. Ikivuruga mashine, na ivuruge. Kila mtu ajihesabie.

"Kwa hiyo, Fundi," akasema nesi, akijitahidi kusema kwa upole, "huna haja tena ya kuja alfajiri. Uje saa tisa tu, kwa zamu yako."

Maneno hayo yalimwingia kuliko ya Mama Mitumba. Akainama, akasema, "Sawa, mama." Akabeba kigoda, akakirudisha stoo kilikotoka, akaenda kukaa ukumbini kwenye mabenchi ya watu wa kungojea majibu. Akakaa hapo tangu asubuhi hiyo mpaka alasiri. Hakuwa na saa mkononi. Alimwuliza mama mmoja saa ngapi, kisha akaona haya kuuliza tena.

Alipoitwa, Mama Mitumba alikuwa ndiyo kwanza anashuka kitini. Rangi yake ilikuwa imerudi kidogo. Mwalimu alikwisha kurudishwa wodini, Dereva amekwenda zake. Kwa desturi Fundi alibaki peke yake kwenye zamu ile ya mwisho, na nesi akija mara moja moja. Akapanda, akanyoosha mkono, akatobolewa, pampu ikaanza kuzunguka.

Mama Mitumba hakuondoka. Aliburuta benchi la Dereva mpaka karibu na mashine, akakaa, akaweka mkoba mapajani na simu juu ya mkoba.

"Huendi nyumbani?" Fundi akauliza. "Watoto je?"

"Mkubwa anajua kupika. Nakaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikuamini. Saa mbili na robo, basi. Ukipitisha dakika moja nazima mwenyewe."

"Hutaweza. Kitufe cha kuzimia hakionekani."

"Nitang'oa waya."

Fundi akatikisa kichwa. Baadaye akasema, "Nimekuharibia mwili wako."

"Umeniharibia." Hakumtazama. "Na waliozuia kile kipuri wameniharibia, na yule mpapasa maiti. Lakini wao siwajui wanakaa wapi. Wewe nakujua. Kwa hiyo wewe ndiye nitakayekununia."

"Mpaka lini?"

"Usinihesabie muda, wewe! Funga macho."

Redio ya mlinzi ilikuwa inasema habari zile zile. Mikono ya Fundi ilikuwa baridi, kama inavyokuwa kwa mtu damu yake ikiwa nje. Mama Mitumba akainuka, akaivuta shuka nyeupe kutoka kwenye moja ya mashine mbovu, akamtupia miguuni bila kuitandaza, kama anavyorusha nguo kwenye meza yake ya biashara. Akarudi kukaa na simu yake.

Usiku wa Jumatatu mzee hakulala, wala wa Jumanne, wala wa Jumatano. Alijaribu kubaki macho, awe na adabu mbele ya mtu anayemlinda. Kichwa kikamwinama, akakiinua. "Bado ngapi?" akauliza.

"Bado nyingi."

Kikainama tena, na mara hiyo hakukiinua, usingizi ukamchukua.